Ndani ya kapu la hisa za kampuni kubwa kuna nini?

Na Mwandishi Wetu

MSTAAFU akishapokea kiinua mgongo, siku hiyo hiyo hujipatia washauri ambao hakuwa nao katika miaka 30 ya utumishi wake. Shemeji humtaka anunue daladala. Jirani humwonyesha kiwanja kinachouzwa Kigamboni. Mpwa aliyesomea biashara humshauri aziweke fedha zake katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaonunua hisa za kampuni kubwa, kwa hoja kwamba kampuni hizo hazifi.

Ushauri wa mpwa si mbaya. Mtu wa miaka 60 hana tena nguvu za kukimbizana na makondakta, na kesi za viwanja vilivyouzwa mara mbili si ngeni mjini. Kasoro iko katika hoja yenyewe. Kampuni kubwa hufa, na hata zile zisizokufa zinaweza kumweka mtu hasarani kwa miaka mingi huku zikiendelea kupata faida na mabango yake yakionekana katika kila kona ya mji.

Kwa kuwa fedha inayozungumzwa hapa ni ile ambayo mtu hawezi kuichuma mara ya pili, inafaa kueleza kwa kituo namna mifuko hiyo inavyofanya kazi na kile hasa mtu anachokinunua.

Mfuko wa uwekezaji wa pamoja ni kapu. Watu wengi, kila mmoja kwa uwezo wake, hutia fedha ndani yake, na meneja aliyebobea katika kazi hiyo hununua hisa, hatifungani za Serikali au huweka amana benki kwa niaba yao. Hakuna anayeweza kuonyesha kidole na kusema hisa ile ni yangu. Kila mmoja humiliki vipande, na kila kipande ni sehemu ndogo ya kila kilichomo kapuni.

Hapa Tanzania mfumo huu ulifahamika kwa wananchi wa kawaida mwaka 2005, pale Dhamana ya Uwekezaji Tanzania (UTT) ilipoanzisha Mfuko wa Umoja. Moja ya makusudio yake ilikuwa kuwawezesha Watanzania wenye kipato kidogo kumiliki sehemu ya kampuni zilizobinafsishwa, ambazo vinginevyo zingeishia mikononi mwa wageni na matajiri wachache. Baadaye ilifuata mifuko ya Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu, Ukwasi na Hatifungani, na tangu mwaka 2013 yote ipo chini ya kampuni ya UTT AMIS.

Mifuko hiyo haifanani, ingawa mitaani yote huitwa kwa jina moja la UTT. Umoja huchanganya hisa za kampuni na dhamana nyingine. Ukwasi na Hatifungani haikuundwa kwa ajili ya hisa, bali kwa amana za benki na dhamana za Serikali. Mwenye vipande vya Ukwasi anayejisifu kwamba anamiliki viwanda vya bia na saruji anajidanganya, na mwenye vipande vya Umoja anayedhani bei ya kipande chake haiwezi kushuka naye pia amekosea.

Bei ya kipande haipangwi kwa kukisia. Tuseme kapu lina mali ya Sh bilioni 10 kwa bei za sokoni za siku hiyo, na mfuko unadaiwa gharama mbalimbali zinazofikia Sh milioni 100. Zinabaki Sh bilioni 9.9. Ikiwa vipande vilivyouzwa ni milioni 50, kila kimoja kina thamani ya Sh198. Kesho hisa zikipanda, bei itapanda. Zikishuka, itashuka.

Wapo wanaodhani kipande cha Sh198 ni rahisi na cha Sh900 ni ghali. Sivyo. Mtu anayeweka Sh milioni 1 atapata vipande vingi katika mfuko wa kwanza na vichache katika wa pili, lakini vyote vikipanda kwa asilimia 10 atakuwa na Sh milioni 1.1 kokote alikowekeza. La kuangaliwa ni kilichomo ndani.

Na ndani ya mifuko ya hisa katika nchi yetu, majina ni yale yale tunayoyajua: bia ya TBL, sigara za TCC, saruji ya Twiga, benki za NMB na CRDB. Ni kampuni zilizokomaa, zenye wateja wengi, na nyingi zimekuwa zikitoa gawio miaka nenda rudi. Sifa hizo ni za kweli. Swali ambalo mpwa hakulijibu ni kwamba sifa hizo zinauzwa kwa bei gani.

CRDB ni mfano mzuri kuliko yote. Benki hiyo iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) mwaka 2009, na hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa Sh150 kila moja. Mwaka 2015 wanahisa waliuziwa hisa za nyongeza kwa Sh350. Mwaka 2019, miaka 10 baada ya kuingia sokoni, hisa hiyo hiyo ilikuwa ikiuzwa chini ya Sh150.

Katika kipindi chote hicho benki haikufungwa. Ilifungua matawi, ilisambaza mawakala hadi vijijini, na ilikuwa miongoni mwa benki mbili kubwa kuliko zote nchini. Aliyenunua mwaka 2009 na kushikilia hadi 2019 alipata magawio, lakini mtaji wake haukuongezeka hata shilingi. Aliyenunua mwaka 2015 aliona zaidi ya nusu ya fedha yake ikiyeyuka. Kisha upepo ukageuka, na mwishoni mwa mwaka 2023 hisa ya CRDB ilikuwa imepita Sh400.

Kampuni ilikuwa ile ile na jengo la makao makuu liliwaka taa kila usiku. Kilichotofautisha mwenye faida na mwenye hasara ni siku aliyonunua na siku aliyohitaji kuuza. Mstaafu ambaye mwaka 2019 alikuwa na mgonjwa hospitalini hakuwa na nafasi ya kusubiri hadi 2023.

NMB ilikuwa na safari ya upole zaidi. Iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa Sh600 kwa hisa, na mwishoni mwa mwaka 2023 ilikuwa juu ya Sh4,000. TBL iliyouzwa kwa Sh550 mwaka 1998 ilikuwa imepita Sh10,000 ilipofika mwaka 2014, kabla ya bei yake kupoa kwa miaka mingi. Vodacom Tanzania, iliyoorodheshwa mwaka 2017 baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa zake, iliuzwa kwa Sh850, na katika miaka iliyofuata bei hiyo ilishuka. Wengi wa waliopanga foleni kununua hisa za Vodacom walikuwa wakinunua hisa kwa mara ya kwanza maishani, na sababu waliyoitoa ilikuwa ndiyo hii ya mpwa: kila mtu ana simu.

Hapo ndipo kapu linapokuwa na maana. Aliyekuwa na Vodacom peke yake aliumia. Aliyekuwa na mfuko wenye Vodacom, NMB, Twiga na hatifungani za Serikali aliona kimoja kikishuka na kingine kikipanda, na hakulazimika kujua mapema kipi ni kipi.

Kwamba kampuni kubwa hufa, ushahidi hauko mbali. Kenya Airways, iliyowahi kuitwa fahari ya Afrika, iliuza hisa zake kwa umma mwaka 1996 kwa shilingi 11.25 za Kenya. Mwaka 2004 iliorodheshwa pia hapa DSE. Mwaka 2006 bei yake jijini Nairobi ilipita shilingi 100 za Kenya. Mwezi Julai 2020 biashara ya hisa zake ilisimamishwa zikiwa chini ya shilingi 5, na haikurejea hadi Januari 2025. Ndege zake ziliendelea kuruka wakati wote huo.

Kampuni ya sukari ya Mumias, iliyokuwa kubwa kuliko zote za aina yake nchini Kenya, iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Maduka ya Uchumi yalianguka mwaka 2006, yakasimama, yakaorodheshwa hadi Dar es Salaam mwaka 2014, kisha yakaanguka tena.

Wakubwa wa dunia nao hawajasalimika. General Electric ya Marekani, iliyokaa katika orodha ya kampuni 30 za faharisi ya Dow Jones bila kukatika tangu mwaka 1907, iliondolewa mwaka 2018. Nchini Japani, faharisi ya Nikkei iliyofikia kilele mwishoni mwa 1989 haikurudi kwenye kiwango hicho hadi Februari 2024. Hiyo ni miaka 34, na kapu lile lilikuwa na kampuni kubwa 225. Kijana aliyewekeza akiwa na miaka 30 alisubiri hadi 64.

Hoja ya kutawanya mayai katika vikapu vingi, kwa hiyo, ni ya kweli lakini ina mipaka yake, na mipaka hiyo katika masoko yetu ni myembamba kuliko inavyosemwa kwenye vipeperushi. Mmarekani akinunua mfuko unaofuata faharisi ya S&P 500, anapata kampuni 500. DSE kampuni zilizoorodheshwa hazizidi 30, na baadhi yake ni za Kenya zilizoorodheshwa kwa mara ya pili. Ukiondoa hizo, ukaondoa benki ndogo na kampuni ambazo hisa zake haziuziki, meneja wa mfuko anabaki na majina yanayohesabika kwa vidole vya mikono miwili. Benki mbili tu zinaweza kubeba sehemu kubwa ya kapu lote. Siku Benki Kuu ikibadili kanuni za mikopo, benki zote mbili zitaguswa kwa pamoja.

Nairobi walionja jambo hili kwa Safaricom. Kampuni hiyo ilikua hadi ikawa zaidi ya nusu ya thamani ya soko lao zima. Mwezi Agosti 2021 hisa yake ilikaribia shilingi 45 za Kenya. Mwaka 2023 ilishuka chini ya 15. Mfuko uliojiita wa kampuni kubwa, ikiwa uligawa fedha zake kwa kufuata ukubwa wa kila kampuni sokoni, kwa kweli ulikuwa mfuko wa kampuni moja na wasindikizaji wake.

Jambo jingine halizungumzwi sana, nalo ni uhaba wa wauzaji na wanunuzi. Hisa nyingi za kampuni zetu kubwa hazimo mikononi mwa umma. Asilimia 75 ya TCC inamilikiwa na kampuni ya tumbaku ya Japani, na TBL nayo ina mmiliki mkuu wa kigeni. Zinazobaki, sehemu kubwa imeshikwa na mifuko ya hifadhi ya jamii ambayo hununua na kukaa nazo. Matokeo yake, siku nyingi hupita bila hisa hata moja ya baadhi ya kampuni hizo kuuzwa.

Bei inayoandikwa kwenye ubao wa soko, basi, inaweza kuwa ya mauzo yaliyofanyika muda mrefu uliopita. Meneja wa mfuko huitumia bei hiyo hiyo kupigia hesabu ya thamani ya kipande, kwa sababu hana nyingine. Mwenye kipande anaona tarakimu imetulia na kudhani uwekezaji wake umetulia. Utulivu huo wakati mwingine ni wa nyumba ambayo haijawahi kufanyiwa tathmini tangu ijengwe. Ndiyo maana mameneja wenye busara huchanganya hisa na amana za benki, ili watu wakija kuuza vipande kwa wingi walipwe kutoka kwenye amana bila kulazimika kutupa hisa kwa bei ya hasara.

Mbali na kilichomo kapuni, yupo anayelibeba. Kampuni ya uwekezaji ya NICOL, iliyoanzishwa na Watanzania kwa nia njema ya kukusanya fedha za wananchi, ilikuwa na hisa za NMB miongoni mwa mali zake, na tumeona jinsi NMB ilivyopanda. Hata hivyo, NICOL iliondolewa DSE mwaka 2011 kwa kutotimiza masharti ya soko, na haikurejeshwa hadi mwaka 2018. Kwa miaka saba, wanahisa wake walimiliki kitu chenye thamani ambacho hawakuweza kukiuza sokoni.

Mifuko ya vipande ina kinga zaidi katika hilo. Huendeshwa kwa idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA). Mali zake hutunzwa na benki iliyo tofauti na meneja, hivyo meneja akifilisika wadai wake hawawezi kugusa hisa za wenye vipande. Hesabu hukaguliwa na bei ya kipande hutangazwa. Anayetaka kutoka huurudishia mfuko vipande vyake na kulipwa ndani ya siku chache za kazi, bila kutafuta mnunuzi.

Wasomaji wenye kumbukumbu watakumbuka DECI, upatu uliozuiwa na Serikali mwaka 2009 baada ya maelfu ya watu "kupanda mbegu" kwa ahadi ya kuvuna zaidi katika muda mfupi. Tofauti si ukarimu wa viongozi wala unyoofu wa maneno yao. DECI haikuwa na kapu. Mavuno ya mmoja yalikuwa mbegu ya mwenzake. Anayeahidi kiwango maalumu cha faida kutokana na hisa, na kukitaja kwa uhakika, ama hajui biashara ya hisa au anaijua biashara nyingine.

Lipo pia suala la ada, ambalo linaonekana dogo hadi mtu apige hesabu. Meneja hulipwa kila mwaka kwa asilimia ya mali yote, iwe mfuko umepata faida au hasara, na mifuko mingine hukata kidogo mtu anapotoka. Sh milioni 1 ikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka 20 itakuwa karibu Sh milioni 6.73. Ada na gharama zikila asilimia 2 na kubakiza ukuaji wa asilimia 8, itakuwa Sh milioni 4.66. Asilimia mbili zimekula zaidi ya Sh milioni 2, yaani mara mbili ya fedha iliyowekezwa.

Ni kwa sababu hiyo John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya Vanguard, alianzisha nchini Marekani mwaka 1976 mfuko wa umma usiojaribu kuchagua hisa bali kununua zote zilizomo katika faharisi kwa gharama ndogo. Walimcheka. Leo mifuko ya namna hiyo ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Katika soko dogo kama letu meneja mwenye macho bado anaweza kuhalalisha ada yake, lakini ni yeye anayepaswa kuonyesha hivyo kwa tarakimu za miaka kadhaa, si kwa mwaka mmoja mzuri.

Kuhusu wakati wa kununua, hakuna ajuaye kilele wala bonde. Linalowezekana ni kutonunua kwa mkupuo. Mtu anayeweka Sh50,000 kila mwezi, kipande kikiwa Sh100 mwezi wa kwanza, Sh80 wa pili na Sh125 wa tatu, atapata vipande 500, kisha 625, kisha 400. Jumla ni vipande 1,525 kwa Sh150,000, sawa na Sh98 na senti kadhaa kwa kipande, ingawa wastani wa bei tatu hizo ni karibu Sh102. Bei iliposhuka, fedha ile ile ilinunua vingi zaidi. Mstaafu naye anaweza kuigawa fedha yake katika mafungu na kuyaingiza mfukoni kwa muda wa mwaka mmoja au miwili.

Lakini kabla ya mafungu hayo, atenganishe kwanza. Ada za shule za mwaka huu na ujao, dawa za presha, bati za nyumba ambayo haijakamilika: hizo si fedha za hisa, hata za kampuni kubwa kiasi gani. Mahali pake ni amana ya benki au mfuko usio na hisa. Anayehitaji kipato cha mara kwa mara aulize kuhusu mfuko unaogawa mapato kama Jikimu, kwa kuwa katika mifuko mingine faida hubaki ndani ya bei ya kipande na haipatikani hadi mtu auze.

Kinachobaki, ambacho anaweza kukaa bila kukigusa kwa miaka mitano hadi 10, ndicho cha kuzungumza na mpwa. Na mpwa aje na waraka wa mfuko pamoja na taarifa yake ya karibuni iliyokaguliwa. Humo mna orodha ya kilichomo kapuni, kiasi kilichowekwa katika kila kampuni, gharama zilizokatwa, na bei za kipande za miaka iliyopita ikiwamo ile mibaya. Nyaraka hizo huombwa bure katika ofisi za mfuko. Wakala anayesema hana nafasi ya kuzileta aachwe aende zake, na kiinua mgongo kibaki benki hadi wiki ijayo.